Ziada

Newala, Novemba. Malipo ya mnada wa tatu yameingia
na foleni imetoka mlangoni, ikazunguka duka la pembejeo.
Mimi ni dirisha namba nne.
Noti zinanijia zimefungwa, zinaondoka zimekunjwa
katika pindo, katika soksi, ndani ya kofia,
na vidole vinavyozipokea vina weusi wa utomvu wa korosho
usiotoka kwa sabuni. Mashine ya alama haivisomi.
"Weka tena, baba. Futa kwanza. Weka tena."

Kufikia saa nane nimehesabu milioni mia mbili na kumi.
Mshahara wangu, ukishakatwa bodi ya mikopo,
bima, na bati za mama kule Kitangari,
ni bunda moja la elfu tano, tena halijajaa.
Uzito wake naujua. Nauinua kutwa, si wangu.

Ukutani makao makuu wametuletea bango:
watu wanne wenye meno meupe, SISI NI FAMILIA.
Hokororo wa dirisha la pili kaongeza kwa penseli:
ya kambo.
Meneja hakufuta. Naye mwaka wa sita hajapandishwa.

Ijumaa, kufunga hesabu: shoti, elfu arobaini.
Tulihesabu upya mpaka jenereta likakohoa.
Kanuni ni fupi, shoti ni ya mhesabuji.
Nikasaini, nikaenda kwa Somoe wa vitumbua,
na Somoe, mwenye meza moja na karai moja,
akaikopesha kampuni yenye matawi mia mbili.

Jumatatu asubuhi, foleni ikiwa bado changa,
Bi Asumini Nakuchema alifika kwa bodaboda kutoka Mnyambe,
nauli elfu sita, akafungua pindo mbele ya kioo.
"Ijumaa ulinizidishia, mwanangu.
Nimehesabu mimi, kahesabu mume wangu,
tukamwita na mwalimu. Hela hii ina mwenyewe."

Nikapiga simu makao makuu. Sauti changa, ya kiyoyozi:
"Ziada inaingia akaunti ya ziada.
Ile shoti yako, dada, ilishafungwa."

Nikaiingiza. Nikampa stakabadhi.
Sikumwambia. Angeuliza swali moja tu,
na yale mafunzo ya huduma kwa mteja, siku tatu,
soda na cheti, hayakuligusa.

Alipogeuka aliacha chini ya kioo
korosho za kukaanga katika karatasi ya daftari la mtoto,
hesabu za kujumlisha, zote zina tiki nyekundu.
Zawadi yoyote iandikwe kitabuni.
Nikafungua kitabu, nikaandika tarehe, jina, kijiji.
Hokororo akachota. Meneja akatoka ofisini, akachota.
Chilumba wa getini akaegesha kirungu, akaja na kiganja.
Tukatafuna tumesimama, hakuna aliyesema neno.
Safu ya mwisho ilikuwa ya thamani.
Nikaandika: zimeliwa.