Kumbikumbi wa Uzi

Nilimkuta ndani ya kopo la maziwa ya unga,
amefungwa kwa kipande cha gazeti kilichokwisha herufi:
ndoana ndogo, kutu kichwani,
na juu yake mdudu asiyewahi kuwa hai.
Mabawa mawili, moja limeliwa na nondo.

Baba alimrusha Ziwa Rutamba
mvua ya kwanza ikishakatika,
saa ile kumbikumbi wanapodondoka majini kama makapi
na perege wanapanda kuwadaka.
Bila chubwi, bila boya.
Uzi tu, na huyu mdogo
amesimama juu ya maji kwa ncha za nywele zake.
Wenye nyavu walimcheka,
kisha usiku walituma watoto kuja kuomba kitoweo.

Mimi ni fundi saa. Siku hizi, fundi simu;
saa zimebaki tatu Rutamba nzima
na moja ni ya msikiti.
Nina koleo, nina lenzi ya jicho,
nikasema: kitu cha urefu wa kucha kitanishinda nini?

Kilinishinda Novemba nzima.

Wa kwanza nilimfunga kwa unyoya wa kifua
cha jogoo wa Chinguwile.
Ulikunywa maji kama mtu aliyetoka Nachingwea kwa miguu,
akazama sijahesabu tatu.
Wa pili nilimjaza usufi. Huyo alielea,
ila chali, kama maiti asiye na ndugu.
Wa tatu mwili wake ulikuwa lile ganda jembamba la ndani la korosho,
rangi ile ile, nikajipongeza peke yangu dukani.
Likapasuka kwenye ndoo.
Wa tano nilimpaka nta hadi akawa mshumaa.
Wa tisa, kabla sijamtia ndoana, aliibwa na paka,
na hilo nililihesabu kuwa sifa.

Ikabaki njia moja niliyoiogopa:
kumfumua yule wa kopo.
Ukimfumua, hayupo.
Usipomfumua, yupo, na hasemi.

Usiku wa Alhamisi, umeme umekatika,
tochi ya simu nimeing'ata,
nikakata fundo.

Unyoya wa shingo, si wa kifua. Ule mgumu, unaong'aa.
Chini yake katani, imesuguliwa nta
kiasi cha dole gumba kupita mara moja.
Mizunguko saba mbele ya bawa, minne nyuma,
na yote ilikwenda kinyume.
Nikageuza lenzi. Nikageuza ndoana.
Kinyume bado.
Baba alikula kwa kulia, alisaini kwa kulia,
alinichapa kwa kulia.

Nje, kwenye kibaraza, Mama alikuwa anabangua korosho,
kigongo mkono wa shoto.

"Mama, hawa wadudu alikuwa anawafunga nani?"
Hakuinua uso.
"Baba yako alikuwa na vidole kama mihogo.
Alijua kurusha."
"Mbona hukusema?"
"Ungeuliza. Kila siku ndoana ya Baba, ndoana ya Baba.
Nikasema mwache, ana msiba."

Macho yake sasa yana ukungu.
Nilimvika lenzi, akaitupa mkekani.
Alifunga kwa kupapasa, ulimi nje kidogo,
nami nikashika uzi pale aliponiambia nishike,
nikaachia kabla ya wakati,
nikaitwa jina ambalo siliandiki hapa.

Jumamosi ilinyesha, ikakatika saa kumi.
Tulisimama kwenye matete, kanga yake imelowa hadi magotini.
Nilirusha vibaya. Nikarusha tena.
Akatua. Akasimama.

Maji yakavimba chini yake:
mgongo wa kijivu, jicho moja.
Perege alimkagua kama mteja anayepapasa kitambaa
na hana hela,
akashuka zake.

"Amesemaje?" Mama aliuliza.
"Amekataa."
"Mabawa marefu," alisema. "Nilijua tu.
Lete koleo."