Kitunguu Kinachotembea

Hakuna ukuta kati yangu na Oiva.
Kuna uzio wa mbao zilizopauka, unanifika kiunoni,
na miaka kumi na mmoja ya kutosalimiana.
Chanzo ni msonobari. Mti wake,
kivuli changu.
Nilimwambia aukate, akaniambia nihamishe jua.

Upande wake, marehemu Taimi, mkewe,
alipanda kitunguu cha majani cha aina ile isiyong'olewa:
unachuma majani, shina linabaki.
Baridi ya nyuzi thelathini chini ya sufuri hupita juu yake,
na Aprili, theluji ikiwa bado imelala
kama mgonjwa asiyetaka kufunguliwa dirisha,
kinatoboa.
Kijani, peke yake, mtaa mzima wa Oulu.

Sasa sikiliza tabia yake.
Kileleni mwa bua, mahali pa ua, kinazaa vitoto:
vitunguu vya zambarau, vidogo kama punje za mahindi,
vitano, sita, vimebebwa juu juu
hadi bua linachoka, linapiga magoti, linalala,
na vitoto vinashika udongo pale pale vilipoangukia.
Hiyo ni hatua moja.
Kila kiangazi hatua moja, urefu wa mkono wangu.

Nilikiona kikija.
Nilikuwa naosha vikombe dirishani, nahesabu:
mwaka aliokufa Taimi kilikuwa kwenye pipa la maji;
mwaka niliovunjika nyonga, kwenye jiwe;
mwaka jana kikainama juu ya uzio
kama mtu anayekuja kuomba chumvi
na hajui aanzeje,
kikaangusha vitoto vyake kwangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe nililishika kweli, ila si kwa kumpa.
Nikafukua kidogo. Kumbe mizizi tayari,
myeupe, myembamba, imeng'ang'ania
udongo usioijua.
Nikaufukia. Nikasema mgongo unauma.

Leo asubuhi nimechuma majani matatu.
Viazi vya moto, samaki wa chumvi, siagi, mkate mweusi.
Hakikunitoa machozi; cha majani hakina ukali huo.
Machozi yalikuja yenyewe, baadaye, nikikunja gazeti.

Nilirudi kuchuma mengine.
Oiva akapita na toroli lake, akaona mkasi.
Akasimama zaidi ya desturi yake.
"Kata chini zaidi," akasema, "karibu na udongo.
Ukikata katikati kinaoza."

Maneno tisa. Miaka kumi na mmoja.

Sikumjibu.
Nilikata chini zaidi.

Kivuli cha msonobari kilikuwa kimefika mlangoni, kama kawaida,
na bado nataka aukate.
Lakini bua la mwaka huu limeanza kunenepa kileleni,
nami nimeshatazama linakoegemea:
tuta la viazi, kisha ngazi,
kisha mlango.
Hatua nne, kwa hesabu yangu. Labda tano.
Nina miaka themanini na mmoja.
Huenda kikanikuta.