Tano Inatoka

Aikande amefuta meza mara mbili.
Juu yake bodi ya majaribio, ndogo kama kiberiti,
yenye maandishi meupe
yasomekayo ukiinamisha kichwa kuelekea dirishani:
hapa umeme uingie, hapa utoke, hapa hasi.

"Soma kwanza," anamwambia Terewaeli.
"Mkono utasubiri."

Wiki jana mkono haukusubiri.
Nyekundu ilikwenda kwa hasi, nyeusi kwa chanya,
na kile kidude cha miguu mitatu
kikapasuka kama bisi.
Majirani wa Mbuyuni wakacheka: kumbe Moshi
si jina la mji tu!
Harufu ilikaa kwenye pazia hadi Ijumaa.
Elfu arobaini haikukaa hata kidogo.

Leo, basi, taratibu.
Chanzo kingali kimezimwa.
Volti kumi na mbili, ampea nusu ya nusu.
Hasi kwanza. Kaza skrubu.
Vuta waya kidogo; ukibaki, umekubali.
Sasa nyekundu

na hapo hapo umeme ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama.

Huko Kibosho yapo mayai mia mbili
kwenye sanduku la joto, siku ya kumi na saba,
na mwenyewe ameshapiga simu mara tatu:
umeme wa kwetu unapanda unashuka
kama mlevi wa mbege, mwanangu,
utaniulia vifaranga.

Terewaeli akatoka, akang'oa kiti cha pikipiki,
akarudi amepakata betri
kama mtoto mwenye homa.

"Hii haina breki," anasema Aikande.
"Ukikosea haikuonyi. Lete fyuzi."
Anapima: kumi na mbili nukta saba.
Kisha anamkabidhi ncha ya waya mwekundu.
"Mimi?"
"Nani aliunguza?"

Cheche moja, ulimi wa mjusi.
Halafu taa, punje ya mtama, ikawaka.

Wote wawili wananusa kwanza
kabla ya kuitazama mita.
Hakuna kitu. Harufu ya chai tu.

Tano. Tano nukta sifuri moja. Tano.
Kumi na mbili inaingia na kelele zake,
tano inatoka imenawa uso.

Terewaeli ameshashika simu, apige Kibosho.
Aikande anaandika namba kwenye daftari la mwanawe,
nyuma ya hesabu za kugawanya,
anagusa kidude kwa kidole:
kina joto, kiasi cha yai.

"Chomoa," anasema. "Unganisha tena.
Mara moja ni bahati."