Pua Kiziwi

Tangu ile homa ya Februari pua yangu ni kiziwi.
Harufu husikiwa; mimi sisikii.
Chai ni maji ya moto. Sabuni ni jiwe lenye utelezi.
Torquil, mume wangu, ameunguza mkate mara mbili
nami nimekaa pale pale jikoni, nafuma soksi,
nikaujua moto kwa macho.

Kiwandani hawajui.
Miaka thelathini na mmoja nimekuwa pua ya Kilvarrach,
nikiamua pipa lipi liamke na lipi liendelee kulala
katika ghala namba tatu, ambako ukuta mmoja
hupigwa na Atlantiki usiku kucha
na chumvi hupenya hata kwenye kufuli.

Leo ziko bilauri tano mezani.
Mtambo mmoja wa shaba, maji ya kijito kimoja,
shayiri ya shamba lile lile la kina Galbraith,
na hakuna mbili zinazofanana,
kama watoto wa tumbo moja.

"Anza wewe," namwambia Fearchar.
Ana miaka ishirini na minne, masikio mekundu kwa baridi.
Anaizungusha ile ya miaka kumi, anainamisha uso.
"Peasi. Majani yaliyokatwa. Asali, kwa mbali."
Naitikia kwa kichwa.
Maneno hayo ni yangu, nilimpa mwaka juzi;
ananirudishia kama chenji, bila kupunguza senti.

Ya pili ililelewa katika pipa la sheri.
"Zabibu kavu. Ganda la chungwa. Ngozi ya tandiko."
Chenji tena.
Mimi naonja: utamu, kisha ukali,
kisha joto linashuka kifuani taratibu
kama mtu anayeteremka ngazi gizani
akishika ukuta.
Basi. Ngazi, bila nyumba.

Ya tatu. "Moshi," anasema.
Moshi wa nini?
"Wa mboji."
Mboji ya wapi? Ya bondeni, yenye mizizi,
au ya ufukweni, iliyolala na mwani?
Ananyamaza. Anarudi kwenye bilauri.
Namwacha huko.

Ya nne ni nyeusi kama chai iliyosahaulika.
"Mwaloni," anaanza, "viungo, labda iliki..."
Namtazama. Huhitaji pua
kumjua kijana anayesema kwa adabu.
Sema kweli.
"Imekufa, Iseabail. Mti umeimeza."
Vizuri. Imekufa. Isogeze kando.

Ya tano baba yangu aliijaza mwenyewe,
akaandika namba kwa chaki, ile saba yake iliyopinda.
Miaka thelathini na minane.
Malaika wamekunywa zaidi ya nusu,
wala hawakuacha hata senti.
Fearchar anadondosha tone la maji, anangoja.
Anafumba macho. Anakaa sana.
Upepo unaujaribu mlango mara mbili, unaondoka.

"Koti," anasema.
Koti?
"La babu. La mvua. Limetundikwa nyuma ya jiko,
ametoka kuzalisha kondoo, bado linatoa mvuke.
Na mfukoni..." anacheka kwa aibu,
"mfukoni mna tofaa,
aliling'ata mara moja akaitwa, akalisahau."

Hilo sikumpa mimi.
Nilipekua miaka yangu yote, kila daftari,
sikulikuta koti hilo, wala tofaa.

Nikaisogeza kalamu upande wake wa meza.
Andika hivyo hivyo, nikasema. Usifute aibu.

Aliandika polepole, ulimi ukichungulia kati ya meno,
kisha akainua kichwa:
"Na wewe? Umesikia nini?"

Nikaangalia ile saba ya chaki.

"Koti," nikasema.

Nje mvua ilikuwa imeanza,
ile ya kwetu, inayonyesha kwa ubavu.