Jicho Lako si Kibaba

Wenceslao, weka chupa chini.
Jumamosi iliyopita ulimimina pisko hivi hivi,
shingo imepinda, wimbo mdomoni,
na glasi ya kwanza ikawa asali,
sibishi, asali,
ya pili ikamtoa machozi shangazi Hortensia,
ya tatu aliimwaga kwenye chungu cha maua
na hadi leo yale maua yameinamisha vichwa.

Unaniita mfamasia.
Unawaambia wageni: huyu mke wangu hupima hata busu.
Wacheke. Mimi nina bomba langu,
lisilo na sindano, la plastiki, la mililita kumi.
Navuta maji ya ndimu hadi alama ya mwisho,
nagonga kwa ukucha viputo vipande juu,
nasukuma. Tena. Na tena.
Pisko sitini. Shira ya sukari ishirini,
na ndimu zikiwa kali kama za Julai hii, ishirini na tano.
Ute wa yai moja: hapo sina la kusema,
kuku hajapita darasani.
Barafu, kisha tikisa mpaka bati liume viganja.

Nje, Lima imejifunika lile wingu lake la kijivu,
si mvua, si ukavu;
hata mbingu ya hapa hukadiria tu.

Kuna jambo sijakwambia, mwaka wa kumi na moja sasa.
Wodi ya watoto, zamu ya usiku, kitanda cha nne.
Daktari kijana, macho mekundu kwa usingizi,
aliandika dozi na nukta ikateleza.
Nukta, Wence. Ndogo kuliko ufuta.
Moja nukta tano ikasomeka kumi na tano.
Nilikwisha kuvuta dawa.
Nilikwisha kuushika ule mkono,
nikaona vidole vyangu vinauzunguka na kubaki.
Ndipo bomba likawa zito.
Sijui uzito ulitoka wapi.
Nikarudi mezani, nikawasha taa, nikasoma upya
kama mtu anayejifunza herufi.
Yule mtoto aliruhusiwa siku ya Alhamisi,
kavaa soksi zisizofanana.
Mimi sijaruhusiwa.

Basi cheka, ila pima.

Halafu leo asubuhi, nikiosha vyombo,
nimekutana na kikombe chako kilichokatika mkono,
kile unachomiminia pisko, eti kwa jicho.
Ndani, chini kidogo ya ukingo,
mstari mwembamba wa rangi yangu ya kucha,
ile nyekundu niliyodhani imekaukia chupani.
Bado unanuka.
Umepinda upande mmoja, kama umechorwa
na mtu aliyesikia hatua zangu ukumbini.

Nikajaza maji hadi mstarini,
nikayavuta kwa bomba, nikahesabu:
sitini na mbili.

Nimekirudisha kabatini
kikitazama ukuta, kama ulivyokiacha.
Wageni wakija usiku, imba,
pindisha shingo, wafanye waamini.
Mimi nitasimama pembeni na kichupa cha uchungu,
nidondoshee juu ya povu
tone moja, mawili,
la tatu.
Zile mbili zilizozidi
sitaziuliza.