Chozi Barazani

Usiniulize jina amelipata wapi.
Mdogo, hajazi kiganja cha mtoto,
mgongo wa kijani unaogeuka buluu akigeuka,
kifuani zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi,
na watu wa Konde wanamwita chozi,
kana kwamba kuna jicho lililomdondosha
kule msituni Ngezi, likasahau kujifuta.

Huyo ni dume. Hupiga kelele juu ya mkungu wa ndizi,
akajisifu, akaenda zake.
Mwenye kazi ni jike, rangi ya jani lililoanza kukauka,
naye ndiye aliyekuja barazani kwa Mize Faki
kutundika nyumba kwenye waya wa taa iliyoungua.

Alianza na utando wa buibui.
Kisha maganda, sufi, vikorokoro vya sakafuni,
mdomo umepinda kama shazia,
unaingia, unatoka, unavuta.
"Fundi mwenzangu," Mize akamwambia, mguu juu ya cherehani,
"wewe wanakulipa lini?"

Jumanne hakushona.
Jumanne alimchania sanda dada yake, Time,
aliyemfundisha kupiga pindo.
Bafta ilipochanwa ilitoa sauti,
nyuzi zikabaki chini, nyeupe, hazina kazi.
Watu wakaja, wakasoma, wakala, wakaondoka.
Mize hakulia.
Aliosha masinia ya kuazima
akayarudisha kwa hesabu.

Siku ya nne akafungua baraza.
Pembeni mwa kijimlango cha kiota
uzi mmoja wa bafta,
umezungushwa mara tatu, umekazwa.

Akautazama.
Hata Time asingeufumua.

Shaame akaja kuulizia gauni la bintiye.
"Takataka hiyo itakuchafulia vitambaa. Iangushe."
Mize akaburura cherehani hadi upande wa jua
akashona huko, jasho likimtiririka,
wiki mbili na siku kadhaa, sikuhesabu.

Makinda walikuwa wawili.
Wa kwanza alitoka kama aliyesukumwa.
Wa pili alichungulia, akarudi ndani,
akachungulia tena, kidole cha mguu
kimenasa kwenye ule uzi.
Mize akasimama, mkasi mkononi.
Kabla hajafika, uzi ukaachia wenyewe
na waya ukabaki unabembea.

Kitu kimoja kikadondoka
juu ya satini ya watu.
Shaame akiliona doa, atauliza.
"Ni chozi," atamjibu,
na hatakuwa amesema uongo.