Nusu ya Safari

Ibra, saa nne, kuta za udongo zimeshawaka.
Harithi ameniazima kidude chake cha kupimia,
chaenea kiganjani kama simu ya zamani.
"Kiegemeze ukutani. Usitikisike. Bonyeza."

Nukta nyekundu yatua upande wa pili,
kando ya msumari uliotundika kanzu za baba.
Mita nne, nukta tatu moja saba.
Sikuona kitu kikienda.
Sikuona kitu kikirudi.

Lakini mwanga umetoka, umegonga chokaa, umerejea,
na mle ndani mna saa isiyopepesa:
yahesabu muda wa kwenda na kuja,
yauzidisha kwa mbio za mwanga,
kisha yakata kati.
Nusu ndiyo umbali.

Dirishani kilinidanganya:
kioo kiliupisha mwanga hadi kwa jirani,
nikapewa mita kumi na moja za chumba tusichokuwa nacho,
urithi wa kugombaniwa bure.
"Bandika karatasi," Harithi akacheka.
Nikabandika bili ya umeme.

Shangazi Muzna hakiamini.
Anyoosha mikono, apima kwa pima:
mbili na ushei. "Andika na hiyo."
Nimeandika. Kadhi atachagua.

Alitoka hapa ana miaka sita kwenda Tabora,
akarudi ana thelathini.
"Na huo mwanga," auliza, "hurudi wote?"
"Kidogo tu, shangazi. Mwingi hutawanyika palepale ulipogonga."

Akigeuza kidude, akipuliza vumbi.
"Basi kinajua," asema.
"Haya, twende jikoni."